Tyubu ya Pili

"Heee! Mnyamwezi, hujafa tu?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho mjini Morogoro, kipande cha plasta kimebandikwa juu ya nyusi ya kulia ili mpasuaji asikosee jicho, nikisubiri matone ya kutanua mboni yafanye kazi. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, la kushoto nalo halikuwa la kutegemea, kwa hiyo mwanamke aliyesimama mbele yangu nilimwona kama mtu aliye nyuma ya shuka lililoanikwa. Lakini sauti niliijua, kama yeye alivyoijua yangu nilipoitikia jina langu. Hakuna Mluguru mwingine aliyewahi kuniulizia kifo changu kwa furaha namna ile. "Nikifa mimi, nani atawazika Waluguru?" nikamjibu, maana mtani akikurushia lazima umrudishie, na benchi zima likacheka. Akakaa kando yangu, akanipapasa mkono toka kiwiko mpaka vidole, akasema polepole, "Bwana Mifugo. Bwana Mifugo wetu wa Mlali." Kwa miaka karibu arobaini nilikuwa namwomba Mungu nisikutane na Mwanaidi, na sasa tumekutana, tena tunasubiri kisu kimoja.

Alikuwa na binti yake, Zuhura, mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa kaki uliojaa makaratasi ya hospitali. Mwanaidi akaanza kunitambulisha kwa watu kama vile mimi ni mkwe aliyetoka safari. "Mnamwona huyu mzee? Huyu ndiye aliyenitia dawa nilipokuwa msichana, maumivu yakakatika siku ileile. Ningekuwa na macho mawili leo kama si mjomba wangu kuchelewa. Mungu amsamehe, mimi sijamsamehe." Akagusa kishimo cha jicho la kushoto, kope zimeshikana, zimelala. Akainama sikioni mwangu, mdomo unanukia karafuu. "Nilikuwa naogopa, nakwambia kweli. Nina hili moja tu. Lakini nimekukuta wewe. Ukisema nikubali, nakubali. Ukisema turudi Mlali, Zuhura akusanye makaratasi twende zetu." Kisha, kwa sauti ya kunong'ona na kucheka, akaniambia wiki iliyopita alikuwa anapepeta mahindi, kapi likamwingia jichoni, likamsumbua siku mbili tatu. Jirani akamgawia matone yaliyobaki chupani, sasa haliwashi hata kidogo. "Usiwaambie hawa. Wataniahirisha, na nauli ya bodaboda mpaka hapa ni balaa."

Haliwashi hata kidogo. Mtu mwingine angefurahi kusikia hivyo. Mimi niliingiwa na baridi, na haikuwa baridi ya Juni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha mifugo na buti mpya, nimepangiwa Mlali chini ya milima. Kazi yangu ilikuwa kuchanja, kuogesha, kuhasi na kutibu. Nilipanga chumba kwa Mama Mwanaidi, mjane mwenye mbuzi wawili wa maziwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Ukuta wa udongo kati ya chumba changu na chao haukufika juu, uliishia usawa wa kichwa, na juu yake kulikuwa na upenyo ambao moshi, harufu na maneno vilipita bila kubisha hodi. Asubuhi niliamshwa na magimbi yanayochemka na Mama Mwanaidi akimgombeza binti yake kuhusu kuni. Adhuhuri nililala chali kwenye kitanda cha kamba nikisikiliza wanayosema juu yangu. "Mnyamwezi huyu anakula mlenda kama anavutwa kwa kamba," Mwanaidi alisema siku moja, akijua nasikia. Nikapiga ukuta kwa kiatu. Wakacheka mpaka mbuzi wakaitikia. Nilikuwa mbali na kwetu, na nyumba ile ilinipokea. Nasema hivi ili ieleweke nilichokiharibu.

Bosi wangu, Mzee Chuwa, alikuwa akija kutoka mjini mara mbili kwa mwezi na gari la idara. Mwanzoni mwa masika alinikuta na ndama wa mzee mmoja wa Mlali aliyechomwa pembe jichoni, jicho limevimba, machozi yanachuruzika shavuni. Mzee Chuwa hakugusa dawa. Alitoa karatasi nyembamba kama kijiti cha kiberiti, akailowesha, akagusisha ukingo wa jicho, akaniita nichungulie. Katikati ya mboni kulikuwa na doa la kijani linalong'aa. "Hicho ni kidonda," akasema. "Penye kidonda rangi inakaa. Pasipo na kidonda inateleza." Kisha tukamlaza yule ndama, nikamkalia shingoni, na Mzee Chuwa akamchoma ganzi akamshona kope, akalifunga jicho lote lipone gizani. Alinawa mikono, akatoa tyubu mbili mfukoni. "Hii ya kwanza inaua vijidudu, haina ugomvi na mtu. Hii ya pili ina dawa ya kushusha uvimbe ndani yake. Ni tamu, Maganga. Inaondoa wekundu na maumivu papo hapo, kila mtu atakusifu. Lakini kama kuna kidonda, inaulaza mwili usipigane, na kilichomo ndani kinakula kwa raha zake. Ukiona kijani, hii ya pili rudisha mfukoni." Akaniachia tyubu zote mbili, pamoja na karatasi chache za kupimia. Baada ya wiki mbili tulifumua nyuzi. Jicho la ndama lilikuwa limepona, linatufuata tukitembea.

Habari za yule ndama zilienea, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza kupata hewa. Vijijini kwetu mwenye sindano ni daktari, awe wa watu au wa ng'ombe. Zahanati ilikuwa mbali, mganga wake mara yupo mara hayupo. Watu wakaanza kuja: huyu na jipu, yule na mtoto mwenye upele. Nilikataa kwanza. Baadaye nilikataa huku nafungua mkoba. Mtu akikuita "dokta" ukiwa na miaka ishirini na mitatu, jamani, ni pombe tosha.

Mwanaidi alikuwa anapalilia mahindi yalipomfika kifuani. Upepo ukaja, jani likamkata jicho la kushoto. Alikuja nyumbani amelifunika kwa kiganja, analia na kucheka kwa pamoja, akasema, "Dokta wa mbuzi, nitie ile uliyomtia ndama, lakini usinishone." Posa yake ilikuwa imeshapokelewa, kijana wa Mzumbe, fundi seremala. Alikuwa hataki kwenda kuonana na wakwe na jicho jekundu. Ninazikumbuka sekunde zile kwa undani wa kutisha. Zile karatasi za kijani zilikuwa ndani ya mkoba, kwenye bati la tumbaku. Nilizigusa. Nikafikiri: kumpima kutachukua muda, na yeye anaumia, na mama yake amesimama mlangoni ananiangalia kwa macho ya imani. Tyubu ya kwanza ilikuwa imebaki kidogo sana, imekunjwa mpaka shingoni. Ya pili ilikuwa nzima. Nikafungua ya pili.

Kesho yake asubuhi alikuwa anaimba jikoni. Siku ya tatu jicho lilikuwa jeupe pe, na Mama Mwanaidi akanichinjia jogoo. Tulikula ugali kwa kuku, Mwanaidi akaniwekea firigisi, kipande ambacho hapewi kila mtu, na kupitia upenyo wa ukuta nikamsikia mama yake akisema, "Kijana huyu ana mkono wa baraka." Nikajilaza nikitabasamu. Aliendelea kuja kwangu asubuhi na jioni, ananiinulia uso, nami namtia dawa. Siku kumi nilimtia. Kwa mkono wangu huu.

Siku ya kumi na moja nilimkuta uani, anamenya magimbi, amegeuza kichwa kidogo upande kama kuku anayesikiliza. Nikamuuliza ana nini. "Hakuna kitu. Ukungu tu." Nikamsogeza kwenye mwanga. Katikati ya kiini cha jicho kulikuwa na doa jeupe, saizi ya punje ya mchele, kingo zake zimechakaa. Haliumi, akasema. Haliumi hata kidogo. Sasa ndipo nilipotoa karatasi ya kijani. Nilimwambia ni kipimo tu. Rangi ilienea jichoni, nikalifuta kwa pamba, na kijani hakikutoka. Doa lote lilikuwa linawaka, na kuzunguka doa, pale ambapo macho yangu yalikuwa hayajaona kitu, kulikuwa na kijani kingine. Jani la hindi lilikuwa limeingiza kuvu ndani ya mkwaruzo, na mimi nilikuwa nimeilinda kuvu ile siku kumi isisumbuliwe. Nilikwenda chooni, nikaitupa ile karatasi, nikaitupa na tyubu. Nikasimama mle ndani nikisikiliza nzi. Nilikuwa najua kila kitu.

Kitu nilichokifanya baadaye ndicho kibaya zaidi, na nimechukua maisha mazima kukubali hivyo. Nilimwambia Mama Mwanaidi apelekwe hospitali mjini. Nilisema kwa upole, kama mtu anayeshauri aina ya mbegu. Akaniuliza, "Kuna hatari?" Nikasema, "Ingekuwa vizuri waangalie." Sasa, Mluguru mtoto wake si wake peke yake. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Binti aliyeposwa, tena jicho limeguswa, halafu apelekwe kwa visu bila mjomba kujua? Mama Mwanaidi asingethubutu. Lakini namjua mama yule. Ningemwambia, "Mama, nimekosea dawa, jicho linaoza, twende sasa hivi," angemvunjia kaka yake heshima na kumbeba mwanawe mgongoni mpaka mjini. Sikumwambia. Nikamwona akitoka kwenda barabarani kutafuta lori la kupeleka ujumbe kwa Mjomba Salumu, aliyekuwa kibarua wa reli Kisaki, upande wa pili wa milima, na mvua za masika zimeshageuza barabara ya kule kuwa uji.

Siku sita tulisubiri. Sijawahi kuishi kwenye nyumba yenye ukimya kama ule. Mwanaidi alikaa chumbani, mlango umerudishiwa kwa sababu mwanga ulianza kumchoma, na kupitia ule upenyo nilimsikia akipumua. Hakunitania. Mama yake alipika magimbi hayakuliwa, akayapasha moto tena jioni. Kila gari lililonguruma barabarani alitoka nje na kanga mkononi. Maumivu yalirudi siku ya nne, yakarudi na deni la siku zote yalizokuwa yamelala, na nilimsikia akiuma shuka. Mara moja aliniita kupitia ukuta, kwa sauti ndogo. "Bwana Mifugo. Ile dawa imekwisha kabisa?" Nikamjibu imekwisha.

Mjomba Salumu aliingia Jumamosi mchana, tope mpaka kiunoni, ametembea kutoka Kisaki mpaka alikopata lori. Alikuwa mtu mfupi, mpole, amemletea mpwa wake samaki wakavu kwenye kikapu. Aliinua kichwa cha Mwanaidi, akaangalia, akaweka kikapu chini. Tulifika mjini jioni ileile, na daktari alipofungua kope jicho lilikuwa limeshatoboka, maji yake yametoka. Kilichobaki kilikuwa ni kuliondoa. Daktari akauliza ni dawa gani alitiwa. Mjomba akanigeukia kwa heshima zote: "Bwana Mifugo hapa ndiye aliyetusaidia, atakueleza." Nikasema, "Yale mafuta ya kawaida, ya vijidudu." Daktari akanitazama, akaandika. Kisha akamwambia mjomba sentensi ambayo familia ile iliibeba mpaka makaburini: "Mngemleta wiki moja kabla." Mjomba Salumu akakaa sakafuni, palepale korido, akasema, "Nimechelewa. Ee Mola, nimechelewa." Nilisimama juu yake. Ningeweza kusema. Posa ilirudishwa kabla mahindi hayajakauka, nami nikaomba uhamisho, nikapelekwa Ngerengere. Siku ya kuondoka, Mwanaidi alinifungia ndizi za njiani.

"Jamani, nisikilizeni." Sista alikuwa amesimama mbele ya benchi na boksi la vichupa. "Baada ya upasuaji kila mtu atapewa matone haya, mara sita kwa siku. Kabla hatujaanza, kuna aliyeumia jicho siku za karibuni? Vumbi, jani, kitu chochote? Kuna aliyetia dawa yoyote?" Watu wakatikisa vichwa. Mwanaidi akatikisa kichwa. Nilimwomba Zuhura anisomee jina kwenye kichupa, akalisoma kwa shida, silabi kwa silabi: deksamethasoni. Ilikuwa ndiyo ile ya tyubu ya pili. Baada ya upasuaji, jichoni pasipo uchafu, ni dawa nzuri tu, inaponya, mimi mwenyewe leo hii ninaitia. Lakini Mwanaidi alikuwa na kapi la hindi jichoni, na matone ya jirani yaliyomtuliza kabisa, na nilikuwa radhi kuapa kwa mnyama yeyote niliyewahi kumtibu kwamba kichupa cha jirani kilikuwa ndugu wa kichupa kile.

Mwanaidi akanibana mkono. "Enhe? Nikubali?"

Nikainuka. "Sista, huyu mama aliumia wiki iliyopita. Kapi la hindi. Na ametia dawa asiyoijua. Mpimeni kwanza kwa ile rangi ya kijani." Vidole vya Mwanaidi vilitoka mkononi mwangu kimoja kimoja. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya kukata, alimpeleka chumba cha pili, na mlango ukiwa wazi nilimsikia akisema, "Mama, kuna mchubuko. Hatukupasui leo. Acha kabisa hayo matone ya jirani. Tia haya, kila saa, rudi Jumatatu bila kukosa. Mama unanisikia? Jicho ni moja. Usiporudi siwezi kukuahidi chochote."

Alipotoka alikaa mbali nami, nafasi ya mtu mmoja katikati. Nikaona bora nimalize. Nikamwambia yote: karatasi za kijani kwenye bati, tyubu ya pili, choo, nilichomjibu daktari koridoni. Nilisema mbele ya Zuhura. Mwanaidi aliniacha nikafika mwisho.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku lilipotokea lile doa."

"Kabla Mama hajatafuta lori la Kisaki?"

"Kabla."

Alitoa leso, akafuta upande wa jicho lisilokuwepo. Nilingoja anitukane. Mtani ana ruhusa ya kunitukana mpaka mizimu ya kwetu isikie, na ningempa shukrani. Hakunitukana. "Mjomba alipokuwa anakufa," akasema, akielekeza uso ukutani, "alituma mtu aje aniite. Mara mbili. Wote walikwenda isipokuwa mimi. Nilimwambia yule mjumbe, nenda kamwambie Mjomba: sioni njia."

Akasimama, akapapasa ukuta kutafuta mlango, Zuhura akamkimbilia. Kisha wakaniita mimi, nikaingia nikapasuliwa.

Jumatatu nilirudi kuangaliwa. Jicho langu lilikuwa limefunguka. Kutoka uani kwa kliniki niliiona milima ya Uluguru mti kwa mti, mpaka vijia vya wanaoshuka na ndizi. Daktari alifurahi. Nikakaa kwenye benchi lilelile, nikasubiri. Jina la Mwanaidi liliitwa saa tatu. Likaitwa saa nne. Lilipoitwa mara ya tatu yule daktari mwenyewe alitoka mlangoni, akaangalia huku na huku, akaweka faili chini ya mengine. Sikungoja jina la nne. Nilipanda bodaboda mpaka Mlali.

Nyumba siku hizi ina bati na saruji, lakini imekaa palepale, na nyuma yake mahindi yameshavunwa, mabua yamesimama makavu. Nilipiga hodi. Zuhura alitoka, macho yamevimba kwa kutolala, akauvuta mlango nyuma yake ukabaki nusu wazi. Ndani mlikuwa na giza. Walikuwa wameziba dirisha kwa kanga. Kwa jicho langu jipya niliona meza, na juu ya meza kichupa cha matone ya daktari, utepe wa mfuniko haujakatwa.

"Shikamoo, mzee," akasema Zuhura.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mama. Pikipiki inasubiri, tutamtafutia na gari. Twende sasa hivi."

Akaingia. Nilimsikia akinong'ona, nikasikia kitanda kikilia. Akatoka, hakuweza kuniangalia usoni.

"Mama anasema nikwambie," akasema, "haoni njia."